Kikundi cha Familia: Dari la Salma

Salma: Asalaam alaykum nyote. Shikamoo mjomba, shikamoo mama mdogo. Jamani nahitaji akili zenu. Mie na Hamad tunavutana hapa juu ya hili dari, yaani ile nafasi tupu chini ya paa, tuligeuze chumba au tuuze tuhame. Watoto wanne sasa, wavulana chumba kimoja, Yusra na mdogo wake wamebanana kile chumba kidogo kabisa ambacho kitanda kimoja tu kinaenea, na mama akija kututembelea analala sebuleni, mie roho inaniuma kila siku nikimkuta anakunja godoro alfajiri

Nassor: Waalaykum salaam. Hii Barking au mshahama?

Salma: Barking hapahapa London kaka. Nyumba za safu zilizoshikana kuta, za miaka ya 1930

Mjomba Khamis: Marahaba mwanangu. Kugeuza dari hapo Uingereza ni shilingi ngapi?

Hamad: Shikamoo mjomba. Tumepata bei tatu. Wa kwanza kasema £58,000, wa pili £66,000, wa tatu £41,000. Chumba kimoja kikubwa na bafu, na nyuma kutoa doma, yaani paa la nyuma linainuliwa linakuwa kama boksi ili upate pa kusimama

Mjomba Khamis: Subhanallah. Hiyo ya 66 ni zaidi ya shilingi milioni 200 za huku. Kwa pesa hiyo hapa Fuoni, Unguja, mtu anasimamisha nyumba nzima na ua na kisima na bado anabakisha

Biubwa: Mjomba ni kweli lakini watoto wanalala Barking si Fuoni 😅

Mjomba Khamis: Sijakataa. Nasema ili wajue uzito wa hiyo pesa kabla hawajaitoa mkononi

Nassor: Hamad hiyo 58 elfu ni pamoja na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, au bado? Uliza leo leo

Hamad: Ngoja nitazame karatasi

Hamad: Bado. Imeandikwa kwa chini herufi ndogo

Nassor: Basi hiyo si 58. Ongeza asilimia 20, ni £69,600. Sasa yule wa 66 kama kaweka VAT ndani ndo rahisi kuliko huyu. Watu wengi wanaangukia hapo, wanalinganisha namba mbili ambazo si za aina moja

Hamad: Wa 66 kaweka kila kitu, VAT, skafoldi ya mafundi kusimamia, ngazi, bafu, milango. Nimemuuliza mara mbili

Biubwa: Na wa 41?

Salma: Huyo kaja jioni, kapanda kwa tochi, kashuka, kasema atafunga mbao chini, jipsam pembeni, madirisha mawili ya paani na kapeti, na hakuna haja ya kuwaita watu wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kwa sababu ni ndani ya nyumba yetu

Nassor: Huyo mfute namba yake

Mama mdogo Rukia: Mfute kabisa Salma. Hapa Leicester jirani yangu kafanyiwa hivohivo, siku ya kuuza savea, yaani mkaguzi wa nyumba, wa mnunuzi kaomba cheti cha kumaliza ujenzi hakuna, nyumba ikahesabiwa vyumba vitatu badala ya vinne, dari likaandikwa stoo. Pesa yote ile akauzia stoo!

Nassor: Ndo hapo ninapotaka Salma na Hamad mnisikilize vizuri. Kuna mambo mawili yanachanganywa. Planing, yaani kibali cha kujenga, ni jambo moja, usalama wa jengo ni jambo jingine. Nyumba ya safu England inaruhusiwa kuongeza mpaka mita za ujazo 40 paani bila kuomba planing, nyumba iliyojitenga au pacha, mbili zilizoshikana, ni 50, maadam hamtoi kitu mbele upande wa barabara, hamzidi kimo cha paa lenyewe, hakuna roshani, na haiko kwenye eneo la hifadhi. Flati haimo kabisa kwenye ruhusa hiyo. Lakini mkaguzi wa majengo hana msamaha, chumba cha kulala darini lazima apite hatua kwa hatua mwisho atoe cheti. Huyo fundi wa 41 kachukua la kwanza kaliziba la pili

Hamad: Yule wa 66 kapiga hesabu doma letu linatoka kama mita 24 za ujazo. Na aliyetuuzia nyumba hakuwahi kuongeza kitu paani

Nassor: Sawa, mko ndani. Hata hivyo ombeni kile cheti cha kaunsili kinachosema ujenzi huu ni halali, si lazima kisheria ila siku ya kuuza wakili wa mnunuzi atakililia

Mjomba Khamis: Kimo kiasi gani? Kutoka juu ya boriti mpaka kilele cha paa

Hamad: Nilipanda jana na futi mjomba. Mita 2.43 katikati. Kuna masanduku ya safari, magodoro ya zamani, na tangi la maji limekaa palepale katikati

Mjomba Khamis: Mita 2.43 utapata chumba. Lakini sakafu mpya itakula na tabaka la kuzuia baridi juu itakula pia, usihesabu zote. Na boriti unazoziona hapo usizikanyage ukadhani ni sakafu. Zile zimewekwa kubeba siling ya chini tu. Kitanda, kabati, watu wawili na bafu la maji, haziwezi. Lazima boriti mpya nene zipite kati ya zile za zamani, na chuma cha kuzibeba

Nassor: Mjomba kamaliza. Bimu za chuma zinaingia kwenye kuta za pembeni, ndo maana bei inakuwa ile. Watu wanadhani wanalipia chumba wakati nusu ya pesa iko kwenye vitu ambavyo hutaviona tena baada ya plasta

Biubwa: Kaka Nassor mbona wewe hukufanya hapo Milton Keynes, uligeuza gereji

Nassor: Kwa sababu nyumba yangu ni mpya zaidi, paa limepigwa kenchi za kiwandani, mbao nyembamba zinapishana pishana dari zima huwezi hata kutambaa. Ukikata moja umelidhoofisha paa lote mpaka injinia abuni njia nyingine ya kulibeba. Inawezekana ila bei inaruka. Nyumba kama ya Salma ya 1930 kati ni pawazi, mbao zimelala kufuata mteremko wa paa, hiyo ndo bahati yao

Salma: Alhamdulillah. Sasa niambieni la thamani, maana Hamad anasema tutarudisha pesa yote tukiuza na faida juu

Biubwa: Nationwide, wale wakopeshaji wa nyumba, walishasema chumba kikubwa na bafu vinaweza kuongeza thamani kwa asilimia 20 na kitu, lakini hapo kuna neno "inaweza". Tazama mtaa wako mwenyewe Salma. Nyumba kama yenu zinauzwa ngapi?

Hamad: Ya vyumba vitatu mtaani kwetu imeuzwa £480,000. Ile ya kona iliyogeuza dari, na cheti, 555

Biubwa: Basi umepata jibu. Tofauti 75 elfu. Wewe utatumia 66, na mchoraji, injinia, ada ya mkaguzi, rangi, vitanda, utakuta uko 73 au 74. Hukupata hasara, lakini faida ya kuuzia haipo. Usimwambie dada yangu kwamba ni biashara. Na kila mtaa una bei yake ya juu, hata ukaweka marumaru paani mnunuzi hatalipa kuliko mtaa unavyolipa

Hamad: Sawa nimeelewa. Lakini kuhama je?

Biubwa: Kuhama nimewapigia hesabu sasa hivi. Vyumba vinne hapo karibu mseme 600. Stempu diuti, ile kodi ya kununua nyumba, tangu Aprili 2025: elfu 125 za mwanzo hakuna kitu, mpaka 250 asilimia 2 ambayo ni £2,500, hizo 350 zilizobaki asilimia 5 ni £17,500. Jumla £20,000 mnaipa serikali kabla hamjafungua hata mlango. Weka wakala, mawakili, lori. Na bado mnatafuta hizo £120,000 za tofauti ya nyumba

Salma: Eh. Hamad umeona

Hamad: Nimeona

Mama mdogo Rukia: Pesa mnatoa wapi wanangu? Msije mkaingia kwenye riba kwa ajili ya chumba

Salma: Hatutaki riba mama mdogo. Tuna akiba yetu na zamu yangu ya mchezo inaingia mwezi wa tatu. Bado panapungua kidogo

Nassor: Hiyo iliyopungua tutaongea pembeni, si ya kikundini. Ila fundi msimpe pesa nyingi mbele. Lipeni kwa hatua: skafoldi imesimama, bimu zimeingia na mkaguzi kaziona, paa limefungwa halivuji, plasta, na fungu la mwisho mkalibakishe mpaka cheti kiko mkononi. Fundi akikataa kubakishiwa lile la mwisho kashakwambia yeye ni nani

Mjomba Khamis: Andikeni kwenye mkataba

Nassor: Swali moja Hamad. Ngazi zenu zinashukia wapi? Si mna ule ukumbi wazi?

Hamad: Zinashukia sebuleni. Aliyekuwa na nyumba kabla yetu alivunja ukuta wa korido

Nassor: Hilo ni kubwa. Ukishakuwa na chumba ghorofa ya tatu ukihesabu na ya chini, moto ukitokea yule wa juu hawezi kuruka dirishani. Sheria inataka njia ya kushuka iliyokingwa mpaka mlango wa nje, milango ya vyumba iwe ya kuzuia moto, na kengele za moshi za umeme kila ghorofa zinazolia pamoja. Kwenu mtu atatoka darini atashukia sebuleni palipo na kochi na tivii na pengine moto wenyewe. Ama mrudishe ule ukuta ama mweke mfumo wa kunyunyiza maji. Wa 66 kalitaja hilo?

Hamad: Katika karatasi yake kuna mstari "ukuta wa korido na mlango". Nilidhani kakosea nyumba

Nassor: Hakukosea. Huyo anajua kazi. Wa 58 hakuandika?

Hamad: Hakuandika

Nassor: Basi jibu unalo

Salma: Sebule itakuwa ndogo lakini siwezi kulalisha mtu juu bila njia ya kutokea. Turudishe ukuta

Mama mdogo Rukia: Na huko juu nani atalala? Isiwe mama yako Zuhura. Magoti ya dada yangu nayajua mie

Salma: Hapana mama mdogo! Juu tunapanda mie na Hamad. Chumba chetu cha sasa kiko mlango kwa mlango na bafu, wanakaa Yusra na mdogo wake, na kile kidogo nakiweka kitanda kizuri cha mama na kabati lake, awe na mlango wa kufunga na mahali pa kutandika mswala wake. Akija miezi yake sita ajue ana chumba

Mjomba Khamis: Hapo umesema. Mie mwanzo nilikuwa naona pesa nyingi kwa paa. Kama dada yangu atakuwa na mlango wake, jengeni

Biubwa: 🤲🏽

Nassor: Majirani wa kuta mbili waandikieni mapema. Bimu zinaingia kwenye ukuta wa pamoja, kuna sheria yake ya 1996, notisi miezi miwili kabla ya kuanza, na wao wana siku 14 za kujibu. Wakikubali kwa maandishi imekwisha. Wakikaa kimya inahesabiwa ni mgogoro, maana yake ni kuweka savea, na kwa kawaida mwenye nyumba anayejenga, yaani nyie, ndo analipa

Salma: Bibi wa kulia tunaelewana, nampelekea mandazi kila Ijumaa ya Ramadhani. Wa kushoto ni mpangaji

Nassor: Mpangaji hatoshi, mtafuteni mwenye nyumba. Anza na huyo kwa sababu ndo atakayechelewa

Mama mdogo Rukia: Na bima ya nyumba waambieni kabla paa halijafunguliwa, mvua ya hapa haina miadi

Hamad: Sawa. Wa 58 na wa 41 nawajibu leo. Injinia anakuja Jumamosi asubuhi. Salma anaandika barua mbili, ya bibi na ya mwenye nyumba wa kushoto

Mjomba Khamis: Kabla hamjasaini nitumieni mchoro wa injinia, na unene wa hizo boriti na hizo bimu

Hamad: Akimaliza tu nautuma hapa mjomba