Kikundi cha "Wajukuu wa Bibi Somoe, Mtwara"

Salma, saa 1:12 usiku
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kwa mara ya tatu wiki hii nawakumbusha kwamba Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, tunakutana ufukwe wa Shangani kuanza mbio za polepole. Ujumbe wa juzi mmeusoma wote, na aliyejibu ni mmoja tu, naye alituma picha ya sambusa.

Fadhili, saa 1:20
Picha ile ndiyo ilikuwa jibu langu.

Salma, saa 1:24
Fadhili, wewe ukipanda ngazi za ofisini kwako unashika ukuta. Hakuna anayekutaka ukimbie kama mwanariadha wetu Filbert Bayi alivyokimbia Christchurch mwaka 1974. Anayeanza hukimbia dakika moja, akatembea mbili, akarudia hivyo kwa dakika 20, na mwendo wake uwe ule unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali, ambazo wewe huzimaliza kwa kusubiri chipsi.

Zuhura, saa 2:05
Mimi nilianza peke yangu mwezi uliopita. Siku ya kwanza ubavu ulinichoma hata nikarudi nyumbani natembea, nimejishika kiunoni, na watoto wa jirani wakinihesabia hatua. Kufika wiki ya tatu nikawa nalala moja kwa moja mpaka adhana, jambo ambalo sikulipata kwa miaka mingi. Hilo peke yake linanitosha.

Hamisi, saa 2:31
Kabla hatujafika mbali, naomba kuuliza zile fulana za njano ziliishia wapi. Nilimkabidhi Salma shilingi 15,000 mkononi.

Fadhili, saa 2:32
Zinakuja kwa miguu, nazo ndiyo zinaanza mazoezi.

Salma, saa 2:40
Hamisi, unajua fedha ile ilikwenda wapi, na unajua wiki ile ilikuwa wiki gani.

Hamisi, saa 2:41
Najua. Nimeuliza fulana tu.

Mjomba Selemani, saa 3:02
Mimi nazungumzia maji. Jumamosi ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana. Alfajiri maji yatakuwa bado juu, na ule mchanga uliolowa, mgumu, ambao mguu hauzami, hautaonekana vizuri mpaka kwenye saa nne, jua limekwisha kuwa kali. Mkikimbia kwenye mchanga mkavu, vifundo vya miguu vitawalaani. Subirini maji mafu, siku ambazo hayajai wala kupwa sana, au mshike barabara ya Mikindani.

Salma, saa 3:06
Barabarani kuna bodaboda, Mjomba, nao hawana habari na mtu anayejifunza kukimbia.

Bibi Somoe, saa 3:40
Rehema ananiandikia. Hamisi mjukuu wangu, mama yako aliambiwa kliniki kwamba ana presha, apunguze chumvi na awe anatembea kila siku. Akasema ataanza korosho zikishauzwa. Ikapita misimu minne. Wewe umepima lini?

Hamisi, saa 4:18
Sijapima, Bibi.

Salma, saa 4:21
Basi mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua apite kliniki kwanza, kabla ya kukimbia. Mjomba, hayo maji mafu ni lini?

Hamisi, saa 11:50 alfajiri
Raba za kijana wangu zinanienea. Nakwenda kupima leo. Kama ni Jumamosi hii mniambie, na kama mnasubiri maji pia mniambie.

Zuhura, saa 12:15 asubuhi
Mimi Jumamosi nitapita barabarani.