Kamati za harusi, acheni kuharibu majina ya watu kwenye bahasha za kadi!

Wakuu, salaam.

Msimu wa harusi umechanganya na kamati zinarudia madudu yale yale. Mtu katoa ahadi, kamaliza mchango wake wote, halafu analetewa bahasha imeandikwa "Mr & Mrs Juma". Juma yupi? Na huyo mke hana jina? Nafasi kwenye bahasha ipo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Uozo unaanzia kwenye daftari la mhazini. Mchango ukiingia kwa simu, ujumbe wa muamala unakuja na jina la aliyesajili laini. Sasa mama mmoja katuma kwa simu ya mwanawe, mwingine kapitia kwa wakala, na mhazini ananakili jina lililotokea bila kumpigia mtu. Siku ya kuandika kadi, daftari hilo hilo linageuka orodha ya wageni. Kadi inatoka kwa jina la wakala, na aliyechanga anaonekana hajachanga! Katibu naye anaongeza lake: anachukua majina alivyoyasevu mwenyewe kwenye simu, na bahasha zinaandikwa "Mama Neema Saluni" na "Fundi AC". Mtu mzima anapokeaje kitu kama hicho?

Daftari la ahadi linataka safu sita: aliyeahidi, namba ya simu, jina la muamala, kiasi, singo (kadi ya mtu mmoja) au dabo (ya wawili), na ya sita jina kama litakavyosomeka kwenye bahasha. Hiyo ya sita inajazwa siku ile ile ahadi inapopokelewa, kwa swali moja tu: "Kadi yako tuandike jina gani?" Ukisubiri usiku wa kuandika kadi, watu wako kwenye foleni za daladala, simu hazipokelewi, na mnaanza kubahatisha.

Kwenye wanandoa ndiko mnakotukana watu hasa. Pwani yote, na kwa Waislamu kwa jumla, mwanamke akiolewa habadili jina la baba yake. Mwanaisha Omari aliyeolewa na Hamisi Juma anabaki Mwanaisha Omari. Ukimwandika "Bi. Hamisi Juma" umemvua ubini wake kwenye shughuli ya watu. Hata Wakristo, wengi wanaendelea na jina la kwao kwenye vyeti na kazini. Andikeni mistari miwili, "Bw. Hamisi Juma" na chini yake "na Bi. Mwanaisha Omari". Atangulie yule aliye ndugu au rafiki wa wenye shughuli. Kama ni mke ndiye shoga wa mama wa bibi harusi, jina lake likae juu na hakuna dhambi. Mke akiwa daktari, ni "Bw. Peter Mushi na Dkt. Anna Mushi". Mambo ya "Dkt. na Bi. Peter Mushi" wakati daktari ni mke, komeni.

Ndoa ya mke zaidi ya mmoja ni halali kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, lakini kamati zinaandika "Bw. na Bi." kana kwamba kila nyumba ina mke mmoja. Kadi ikifika kwa mke mkubwa, mke mdogo anawaka, au kinyume chake. Kila mke aliyechanga apewe kadi ya singo kwa jina lake. Kadi ya mume ikiwa dabo, yeye ndiye wa kutaja anakuja na nani. Msimchagulie.

Na mjane! Kumpelekea mama "Bw. na Bi." ilhali mlikuwa naye siku ya kumzika mumewe ni ukatili. Hii inatokana na kunakili orodha ya harusi iliyopita ya ukoo bila kuipitia. Watu wawili wanaoujua ukoo, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, wakae na orodha nzima kabla ya bahasha ya kwanza kuandikwa: nani kafariki, nani kaachana, nani kapata upadri, nani karudi Hija. Alhaji na Hajjat wanapenda kuitwa hivyo, na wana haki.

"Familia ya Mzee Salum" bila idadi ni kujichimbia shimo. Mpishi analipwa kwa kichwa, viti vimehesabiwa. Andikeni "Familia ya Mzee Salum Bakari, watu 4".

Nawasilisha.

Jibu la 1

Mkuu umepiga penyewe. Ongeza hili la bahasha. Wananunua za rangi ya damu ya mzee, zinang'aa, halafu wanaziandika kwa peni ya kawaida ya bluu. Haisomeki, na wino unateleza. Bahasha nyeusi au ya damu ya mzee inataka peni ya jeli ya dhahabu au fedha, na kama inang'aa tumia maka ya mafuta yenye ncha nyembamba. Iache ikauke kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine, la sivyo jina linahamia mgongoni mwa bahasha ya juu yake. Andika bahasha ikiwa tupu. Ukiandika kadi ikiwa ndani, alama za peni zinajichora kwenye kadi. Kwa wageni 200 nunua bahasha 220, maana lazima zitaharibika.

Na msipitishe bahasha zenye gundi kwenye printa ya leza. Joto linayeyusha gundi, bahasha inajifunga yenyewe au inakunjamana ndani ya mashine. Chapeni stika: karatasi moja ya A4 inatoa 21 za milimita 63.5 kwa 38.1, jina la mistari miwili linaenea vizuri.

Jibu la 2

Na hizi kadi za WhatsApp je? Jina refu linakatwa, "Bi. Mwanaisha Om". Fundi wa kadi apewe jina refu kuliko yote kwenye orodha atengenezee hilo kwanza, mengine yataenea. Kadi ya dabo, msimbo wake wa QR uwekwe usomeke mara mbili mlangoni. Ukisomeka mara moja tu, mume anaingia na mke anabaki nje anabishana na vijana wa geti.

Mwanzisha uzi

Sahihi kabisa. Na wazee wapelekewe za karatasi, mkononi, bahasha isigandishwe. Anayepeleka awe na nakala ya orodha na peni. Mzee akisema jina si lake, lirekebishwe kwenye orodha ya mlangoni hapo hapo, na bahasha mpya irudi kwake kesho yake.