MJADALA: Stelingi akibadilishwa sura mara zote hizi, bado ni stelingi yule yule? (Doctor Who)

MwanaTanga
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuliongee hili bila matusi.

Tangu tarehe 31 Mei 2025, Ncuti Gatwa alipowaka mwanga wa dhahabu tukamwona Billie Piper amesimama mahali pake, Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya Daktari anayesafiri katika wakati, imenitoka moyoni. Sisi tuliokulia vibanda umiza tulijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi, atatumbukia mtoni, atafunga kitambaa begani, ataimaliza kazi. Huyu Daktari anakufa kila baada ya miaka mitatu, anarudi na uso mwingine, sauti nyingine, hata jinsia nyingine, halafu tunaambiwa ni yeye yule yule. Tennant nilimkubali. Matt Smith nikamkubali. Capaldi nikampenda kuliko wote. Jodie Whittaker alipoanza 2018 nikavumilia. Gatwa kapewa misimu miwili, episodi nane nane na mbili za Krismasi, kwaheri. Na muda wote huo analia! Mtu ameishi miaka elfu na zaidi, kila wiki machozi.

Swali langu: si waachane na mtindo huu, wamshike mtu mmoja tumzoee? Na ile habari ya wanaosema Gatwa ni "Mwafrika wetu" msinichanganye nayo. Gatwa ni Mskoti tu, kama Tennant na Capaldi. Kwao Dunfermline.

Mpenda Daleki
Mkuu, bila huko kubadilisha usingekuwa na cha kulalamikia leo. Kipindi kilianza 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa. Daktari wa kwanza alikuwa William Hartnell. Kufika 1966 mzee anaumwa, mistari inamtoka kichwani, na kipindi kinapendwa. BBC ilikuwa na njia mbili: kufunga, au kumpata mtu mwingine. Wakasema huyu si binadamu, mwili wake ukichakaa anaupata mwingine. Oktoba mwaka ule Hartnell akaanguka chini, akaamka Patrick Troughton. Ugonjwa wa mtu mmoja ndio uliozaa kanuni yote hii. Ungemshika mtu mmoja, hadithi ingekufa miaka mitatu tu baada ya kuzaliwa.

Nyamirambo
Mimi sina la kusema kuhusu Hartnell. Mimi ni hilo "Mskoti tu".

Ncuti Gatwa kazaliwa Kigali, Oktoba 1992. Familia yake ilikimbia mwaka 1994, na kila anayesoma hapa anajua 1994 ilikuwa nini kwetu. Uskoti ilimpokea, sawa, tunaishukuru. Lakini jina hakuliokota Dunfermline. Ncuti kwa Kinyarwanda ni rafiki. Wale wote wanaosafiri na Daktari kwenye kibanda cha buluu, sisi kwa Kiswahili tunawaita marafiki zake. Basi safari hii Rafiki mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Siku walipomtangaza, Mei 2022, huku mtaani kwetu watu ambao hawajawahi kuona hata Daleki mmoja, wale maadui wa Daktari, walikuwa wanaoneshana picha yake kwenye simu. Wewe unakuja kumfuta kwa neno "tu".

Githurai
Nyamirambo, pole, niko upande wako, lakini wacha tuwe sawa na historia. Wengi wanasema Gatwa ndiye Daktari wa kwanza mweusi. Siyo. Jo Martin alitokea Januari 2020, wakati wa Whittaker. Whittaker anafukua kaburi, chini yake kuna TARDIS, chombo cha Daktari, imezikwa, na Martin anasema wazi yeye ndiye Daktari. Mwanamke mweusi, na hakuomba ruhusa ya mtu. Wakampa dakika chache, wakamrudisha tena kwa dakika chache. Gatwa ni wa kwanza kupewa kipindi kizima mkononi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na huyo mama anasahaulika kila mara.

Na MwanaTanga, umeona walichomfanyia 2023? Daktari wote hubadilika. Lakini siku ya Gatwa, Tennant hakufa. Wakagawanyika wawili, mmoja akabaki na uso wake. Tennant akaachwa bustanini kwa kina Donna, rafiki yake wa zamani, anakula na familia, anapumzika. Gatwa akatumwa huko nje kupigana, na ndiye aliyekufa. Mimi hiyo iliniuma na bado inaniuma.

MwanaTanga
Githurai, hapo kwa Tennant bustanini unanisaidia mimi! Ndiyo maana nasema huu mtindo umewashinda.

Nyamirambo, sijamfuta mtu. Nimesema ni Mskoti, sijasema si mtu. Mtoto wa miaka miwili anakumbuka nini? Kasoma huko, kaongea huko, uigizaji kajifunza huko huko Glasgow. Kama kuzaliwa mahali kunatosha, basi kila mtoto aliyezaliwa safarini ni wa stesheni ya treni.

Bi Shela
Mimi hapa Lamu nimekwama kwenye "hata jinsia nyingine", maana bwana umeisema kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

Waingereza walipomtangaza Whittaker, Julai 2017, baada tu ya fainali ya wanaume ya Wimbledon, waligombana wiki nzima, na nusu ya ugomvi ilikuwa ni lugha yao. Ilibidi wabadilishe kiwakilishi, na kikiwakwama kooni wanaona dunia imepinduka. Sisi tunalo "yeye". Daktari amekuja, Daktari ameondoka, Daktari amekasirika. Sentensi ile ile ya Tom Baker, Daktari wa miaka ya 70, unaiweka kwa Jodie, haiondoki hata herufi moja. Wewe una lugha iliyokwisha kukutatulia tatizo kabla hujazaliwa, ukaenda kukopa tatizo la wenyewe.

Na si jambo la ghafla. Adui yake mkubwa, Master, alirudi mwanamke mwaka 2014, Michelle Gomez, na hukumsikia mtu akisema adui ameharibika. Alishangiliwa. Kumbe mwanamke akiwa mwovu hapana neno, akiwa stelingi ndipo tunavumilia.

MwanaTanga
Bi Shela, nimesema nilivumilia kwa sababu ya uandishi. Ile ya 2020, kwamba Daktari alikuwa mtoto asiyejulikana alikotoka, ana maisha yasiyo na hesabu kabla ya Hartnell, ndiyo iliyonichosha. Si ujinsia wake.

Bi Shela
Uliandika "jinsia nyingine". Uandishi hukuutaja. Panda juu ukasome.

Wa Birmingham
Nimesoma kimya tangu mwanzo, lakini "mtoto wa miaka miwili anakumbuka nini" siwezi kuiacha ipite.

Mimi niliondoka Bujumbura nikiwa na miaka mitatu. Nyumba siikumbuki, njia siikumbuki. Ninachokumbuka ni mama yangu, hapa Birmingham, mwisho wa mwezi, anahesabu pesa ya kodi mezani kwa sauti: rimwe, kabiri, gatatu. Kiingereza anakijua vizuri. Ila pesa ikiwa haitoshi, anahesabu kwa Kirundi, na akikosea anaanza upya. Mashangazi zangu wa Buyenzi wakinipigia wananiita mzungu wetu. Shuleni hapa waliniuliza natoka wapi, nikasema Birmingham, wakasema hapana, hasa hasa. Huku nimekosa, huko nimekosa, na sasa wewe kutoka Tanga umekuja na muhuri wako kutugawia kwetu.

Na machozi. Nilitazama na mama ile episodi ya mji wa Finetime, ya Juni 2024. Vijana weupe watupu, wanaishi ndani ya mapovu ya simu, madude makubwa yanawala mmoja mmoja. Daktari anawafikia, anawaambia ingieni chomboni mwangu niwatoe hapa. Wanamkataa. Hawamtukani, hawapazi sauti, wanamjibu kwa adabu, na ukiangalia nyuso zao unajua sababu. Wanaona heri boti na pori na kifo kuliko mkono wake. Yeye anabaki kwenye ukingo, anacheka, kisha anapiga ukelele, machozi yanamshuka. Mama yangu hafuatilii kabisa mambo ya anga. Alisema, "Huyu najua anacholia," akaenda kuweka chai. Wewe ukahesabu machozi tu.

Kinyozi wa Magomeni
Dada wa Birmingham, hapo umeniita bila kuniita.

Mimi nina kiti Magomeni, mwaka wa kumi na nne huu. Ile episodi ya Lagos, ya Mei 2025, aliyoandika Inua Ellams mzaliwa wa Nigeria, nimeirudia mara nne. Daktari anakwenda kwa rafiki yake Omo, kinyozi. Anakuta duka limetekwa: mtu akikaa kitini lazima asimulie hadithi huku ananyolewa, hadithi inachorwa dirishani, na nguvu yake inaendesha chombo. Akimaliza, nywele zinaota tena papo hapo. Mlango haufunguki.

Watu waliona ni ajabu. Mimi niliona kazi yangu. Mteja akikaa wima anaongea mpira na bei za vitu. Ukimwinamisha shingo umnyoe kisogo, haoni kioo, hakuoni wewe, hapo ndipo neno lenyewe linatoka. Nimeambiwa talaka nikiwa kwenye kisogo. Nimeambiwa msiba. Unapunguza mkono, unajifanya bado unatafuta mstari, ili mtu amalize.

Na kabla hajaingia Lagos, Daktari anamwambia Belinda, msafiri mwenzake, kwamba huu ndio mwili wake wa kwanza mweusi kukaa nao hivi, kuna sehemu za dunia sasa wanamtazama tofauti, ila kwenye lile duka anapokelewa kama mwenzao. MwanaTanga, huyo ni Daktari mwenyewe anakujibu kwamba mwili si koti. Alitegemea Omo atamlinda, na Omo ndiye aliyesababisha atiwe mtegoni. Hasira aliyotoa pale ilikuwa ya mtu aliyefikiri amefika nyumbani.

Githurai
Na Jo Martin anatokea humo humo, sekunde chache! Niliruka kwenye kiti.

Swali tu: duka liko Lagos, mbona wamemleta Anansi, na binti yake Abena? Anansi ni buibui wa Ghana, wa Waakan. Wanigeria wana wao wa kutosha.

Nyamirambo
Hadithi haina pasipoti, Githurai. Sungura wa Tanga si ndiye huyo huyo wa kwetu? Anamdanganya fisi kila mahali.

Githurai
Sawa, lakini ukimleta Sungura ukasema ni wa Lagos, wewe utanyamaza? Hilo ndilo nauliza. Wakishatuchanganya wote kapu moja, mtazamaji wa London hajui kama Accra na Lagos ziko nchi mbili.

Mpenda Daleki
Mnakwenda mbali. Turudi kwenye kubadilika. Kuna kanuni iliwekwa 1976: kubadilika mara 12, yaani miili 13, basi. Krismasi ya 2013 Smith alikuwa amefika mwisho, akapewa mzunguko mpya. Kwa hiyo hofu ya kumaliza nyuso ilishatatuliwa.

Na kama tunaongelea Afrika, msisahau BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi za miaka ya 60. Kama sikosei zile za Troughton zilizopatikana zilikuwa kwenye stoo ya televisheni Kenya?

Githurai
Si Kenya. Ni Jos, Nigeria. Zilitangazwa Oktoba 2013, episodi tisa, hadithi mbili karibu kamili. Wao walifuta, kanda zikakaa kwetu zaidi ya miaka arobaini kwenye vumbi. Halafu mtu anauliza Daktari ana uhusiano gani na Afrika.

MwanaTanga
Dada wa Birmingham, nimeondoka, nimerudi. Lile neno la kugawia watu kwao nalifuta. Sikuandika kwa kukufikiria wewe wala mama yako, na hilo ndilo kosa langu. Mama yako asamehe.

Kinyozi, nimeitazama tena ile ya Lagos leo mchana. Mara ya kwanza niliitazama nikiwa nimeshakasirika. Anapowaambia wale wanaume habari za Belinda, sikulisikia neno hata moja wakati ule.

Lakini niacheni na hili moja. Mwishoni Gatwa anautoa mwili wake ili mtoto Poppy arudi duniani. Kifo kizuri. Mtu anayekufa hivyo hapewi episodi nane kwa msimu. Tom Baker alikaa miaka saba. Hilo tu nadai: wangempa mwaka wa tatu. Na yule Billie Piper wamemwandika jina tupu, bila kuandika kwamba ni Daktari. Hata wenyewe hawajui. Oktoba 2025 Disney, waliokuwa washirika wa BBC, ikajitoa, BBC ikaahidi episodi ya Krismasi ya 2026. Sasa ni nani tunayemsubiri?

Bi Shela
Kwa hiyo ulianza na "wasibadilishe kabisa", umefika "wangechelewa kidogo". Haya, safari njema, karibu upande wetu.

Kinyozi wa Magomeni
Mwaka wa tatu naunga mkono kwa mikono miwili. Mtu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa vizuri kitini.

Wa Birmingham
MwanaTanga, nimemsomea mama. Amesema amesamehe, na ameuliza kama Tanga bado kuna embe dodo. Mwaka wa tatu, nakubaliana nawe. Kuhusu machozi sijakubali, na uliposema Capaldi kuliko wote nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Sasa limekwisha. Leta sababu zako.