Grupu la darasa letu la chuo limegeuka ofisi ya michango, mwenzenu akiomba nauli mnajifanya hamjaona

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi, uzi huu msiuhamishie jukwaa la mahusiano, hapa hakuna mapenzi.

Kwa vyeti mimi ni mwalimu, kwa kazi nauza vifaa vya simu Kahama. Tulihitimu 2015, shahada ya ualimu, masomo ya sanaa. Mliopita njia hiyo mnajua kilichotukuta. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo wanasubiri tu majina yatoke wapangiwe shule. Sisi tukakuta mambo yamebadilika: Juni 2016 ajira serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki, mara watumishi hewa, mara vyeti feki, na 2017 zilipoanza kutoka tena wakaitwa kwanza watu wa sayansi na hisabati. Wewe wa Kiswahili na Historia ukaambiwa subiri. Wapo wanaosubiri mpaka leo.

Nayasema haya ili mwelewe kwamba hatukuachana kwa akili. Wapo waliojishikiza shule binafsi, wapo walioingia benki, wapo waliopata teuzi, na wapo waliorudi kijijini kulima, cheti kiko ndani ya begi juu ya kabati. Wote tumo kwenye grupu moja la WhatsApp lililofunguliwa wiki ya mahafali, kwa maneno matamu kweli: tusipoteane, tujuliane hali.

Hali gani? Kila nikifungua nakuta orodha. Mnazijua: namba, jina, kiasi, tiki ya kijani kwa aliyelipa, neno "ahadi" kwa ambaye bado. Mtu akituma elfu hamsini ananakili orodha nzima, anajiongeza, anaibandika upya, simu inalia mpaka usiku wa manane. Kadi ya mtu mmoja laki, ya wawili laki na nusu. Send-off mchango, harusi mchango, kipaimara cha mtoto ambaye hata jina simjui, mchango. Mweka hazina naye hana haya, kila Ijumaa anatoa "wadaiwa sugu". Kuna Ijumaa jina langu lilikaa juu ya jina la mwenzetu ambaye tulikuwa tumeshamzika. Marehemu anadaiwa mchango wa harusi! Hakuna aliyekumbuka hata kumfuta.

Na hao wanaokufuata pembeni ndio kabisa. "Mambo vipi, uko wapi siku hizi?" Mjibu uko halmashauri, uko TRA, uko benki, uone anavyokumbuka mpaka namba ya chumba chako. Mjibu uko Kahama unauza kava na chaja: tiki mbili za bluu, imeisha hiyo. Mmoja wao nilimbeba mwaka wa pili mzima. Kwa wasiojua maisha ya hosteli, kubeba ni kulala wawili kitanda kimoja kwa sababu mwenzako kakosa chumba. Kitanda cha juu, chembamba, miguu yake usoni kwangu, bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likichelewa tunagawana sahani moja ya chipsi kavu. Leo kateuliwa, ni mheshimiwa, na watu wazima tuliosoma naye darasa moja wanamwandikia "shikamoo Mheshimiwa" na vikatuni vya kupiga saluti. Jamaa ambaye kwenye kazi za kikundi mchango wake ulikuwa kuuliza kama jina lake limeandikwa! Cheo chake akile kwa raha zake, sina neno. Kilichonichefua ni kwamba nilimwandikia kuhusu shida ya mwenzetu, maelezo marefu kabisa, akanijibu kwa alama ya dole gumba.

Huyo mwenzetu tulimwita Profesa. Nusu ya darasa ilivuka kwa madesa yake, yaani notsi zake za kusomea. Alikuwa anatoka maktaba ikifungwa, akifika hosteli anakuta watu wamemsubiri koridoni, anawafundisha mpaka saa nane usiku na kesho ana mtihani uleule. Mwanzoni mwa 2025 ukaja ule usaili wa walimu, zaidi ya watu laki mbili wakigombea nafasi 14,648, na Profesa naye akaitwa. Anaishi kijijini huko Kibondo, usaili Kigoma mjini. Akaandika kwenye grupu, kwa adabu zote: "Ndugu zangu, naomba mwenye uwezo aniazime elfu sitini ya nauli na malazi. Nitarudisha nikivuna maharage."

Hata robo saa haikupita, mtu akabandika orodha ya harusi. Tiki, tiki, tiki. Siku ile ziliingia zaidi ya milioni mbili, ujumbe wa Profesa ukapotelea huko juu. Waliomjibu ni wawili. Wa kwanza: "Komaa kaka, Mungu ni mwema." Wa pili, mwajiriwa tena wa siku nyingi, akaanza kulalamika kwamba Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo na yeye hali yake si nzuri. Ndugu yangu, unamlilia makato mtu asiye na mshahara wa kukatwa?

Mtaniuliza mimi nilitoa nini. Nilimtumia elfu ishirini, halafu nikamwomba admini aanzishe orodha ya Profesa kama zinavyoanzishwa za harusi. Jibu: "Grupu halina utaratibu wa kukopeshana."

Profesa akauza simu akaenda. Niliyajua hayo baadaye, namba yake ilipokuwa haipatikani nikamtafuta kwa kaka yake. Kazi hakupata.

Sasa sikieni kioja cha wiki hii. Imeundwa kamati ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, hoteli ya ufukweni Bagamoyo, laki mbili na nusu kwa kichwa, fulana unajigharamia. Kabla ya kutangaza, admini "akasafisha grupu" kwa kuondoa watu wasiochangia mada. Wa kwanza kuondolewa ni nani? Mtu ambaye hana simu kwa sababu aliiuza akiwa anawaomba ninyi nauli! Na bado tangazo la sherehe linasema lengo ni "kujua kila mmoja wetu kafikia wapi". Kafikia wapi wakati mmeshamtoa?

Tangu jana wananipigia nitoe ahadi. Sitoi.

Katibu wa kamati, najua humu unapita, nyuzi za humu ndizo unazotutumia kila siku. Namba ya kaka yake Profesa ninayo, mrudisheni kupitia hiyo. Mkiona dawa ni kuniondoa na mimi, niondoeni, ila orodha zenu zote nimezihifadhi na nitazibandika hapa moja baada ya nyingine, nikianza na ile ya rambirambi ya marehemu mliyekuwa mnamdai, ambayo hesabu yake haijasomwa mpaka leo.