Mashine ya kufyekea inaishiwa nguvu ikipata moto: ubovu ni wake au ni wangu?

Mkulima wa Kimbiji

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo kabla sijatoa fedha nyingine. Nina shamba la ekari tatu upande wa Kimbiji, Kigamboni, ambalo tangu nilinunue nimeliacha masika mawili yapite bila kuligusa, na sasa limerudi kuwa pori: bondeni kumejaa matete, juu kuna mikwamba na machipukizi ya mwarobaini yenye unene wa mpini wa jembe, na katikati kuna nyasi zinazonifika kifuani. Vibarua wa panga na fyekeo nimeshawatumia na sina lawama nao, isipokuwa kila walipofika mwisho wa shamba walikuta mwanzo umeshachipua.

Ndipo nikanunua Kariakoo mashine ya kufyekea ya petroli, ya Kichina, yenye injini ya cc 52. Ikiwa ya baridi hufanya kazi vizuri sana. Baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini huanza kukohoa. Nikivuta mafuta injini haipandi, sailensa (mzunguko wake bila kuvuta mafuta) inashuka, kisha inazima, na haikubali kuwaka mpaka ipoe. Oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili inayochanganywa na petroli, niliinunua kwenye duka moja karibu na Feri. Naichanganya kwa vifuniko: viwili katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, na cha tatu nimekuwa nikiongeza kwa tahadhari, maana nilisikia kwamba mashine hizi hufa kwa kukosa oili. Fundi mmoja wa mtaani kwetu aliitazama kwa nje, akavuta kamba mara mbili, akasema pistoni imekwisha na kwamba nitafute mashine ya maana.

Je, ni kweli? Na kama ni kununua nyingine, niende kwenye Stihl au Husqvarna, au nitafute ya Kichina yenye injini kubwa zaidi? Jambo la mwisho: wiki iliyopita niligonga bikoni ya mpaka iliyokuwa imefichwa na nyasi, kisu cha meno matatu kikapinda kidogo. Jirani amejitolea kukinyoosha kwa nyundo.

Fundi wa Gerezani

Ndugu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuua. Kisu kilichogonga zege na kupinda hakinyooshwi wala hakichomelewi. Kinatupwa, tena kivunje kabisa ili mwingine asikiokote. Chuma hicho kimepikwa kiwe kigumu, na ukikigonga kwa nyundo unakiachia ufa usioonekana kwa macho, halafu kinakwenda kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika mbele ya miguu yako. Mshukuru jirani kwa wema wake, kisha nenda kanunue kingine.

Sasa injini. Pistoni haionekani kwa kuvuta kamba. Inaonekana ukifungua egzosi, kwa kuwa tundu la kutolea moshi liko ubavuni mwa silinda, na pistoni iliyounguzwa kwa kukosa oili huonyesha michubuko ya wima upande huo huo. Fundi ambaye hakufungua boliti mbili za egzosi amekupa makisio, hakukupa vipimo.

Dalili ulizotaja zina sababu nne au tano, na ningezifuata kwa kuanza na ile isiyo na gharama. Mashine ikianza kukohoa, legeza kifuniko cha tanki. Ikirudisha nguvu papo hapo, basi tundu la kupumulia la tanki limeziba, mafuta yanashindwa kushuka kwa sababu ndani kumebaki mvuto wa hewa, na kazi yako imekwisha kwa kusafisha tundu hilo. Kama si hilo, toa sponji ya chujio la hewa, ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kabisa, idondoshee matone machache ya oili, uikamue na uirudishe; kwenye vumbi la Kigamboni kazi hiyo ni ya kila jioni. Kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kahawia iko sawa, ikiwa nyeusi yenye utelezi unaipa oili au mafuta kupita kiasi, ikiwa nyeupe injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta, na hapo ndipo pistoni huungua. Nafasi ya plagi, yaani mwanya ulio kwenye ncha yake, katika mashine nyingi za aina hii ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Baada ya hapo fungua egzosi ikiwa ya baridi. Kwa vifuniko vyako vitatu, naweka dau kwamba utakuta masizi yamebana njia ya moshi, na pengine wavu mdogo wa kuzuia cheche umeziba kabisa. Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii, na injini hufa pole pole jinsi inavyopata moto. Kabla ya kukwangua vuta kamba taratibu mpaka pistoni izibe tundu, ili masizi yasidondoke ndani, na ukwangue kwa kipande cha mti, si bisibisi.

Kuhusu kipimo, kifuniko si kipimo. Ingia duka lolote la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Kitabu cha mashine yako kikisema moja kwa 25, lita moja ya petroli inahitaji mililita 40 za oili, kwa hiyo chupa yako ya lita moja na nusu inahitaji 60, yaani mabomba matatu kamili. Kikisema moja kwa 50, ni nusu ya hapo. Na hebu soma chupa ya oili yenyewe utuambie imeandikwa nini, maana hilo la kununua karibu na Feri limenitia shaka.

Mama Chanika

Mwanangu, mimi mashine yangu ni ya nne hii, tatu za kwanza niliziua mwenyewe, kwa hiyo nisikilize. Fundi amekueleza injini, mimi nitakueleza pori.

Nyasi za kifuani hazikatwi kwa mkupuo mmoja kutoka chini. Ukifanya hivyo zinaangukia mpini, zinajiviringisha kwenye shingo ya kisu, na giaboksi, lile kasha la gia lililo juu ya kisu, inapata moto mpaka huwezi kuigusa. Pita mara ya kwanza ukikata usawa wa kiuno, kisha rudi chini, na upeleke mkono kutoka kulia kwenda kushoto kama mtu anayefagia uwanja. Kisu kinazunguka kuelekea kushoto ukikitazama kutoka juu, kwa hiyo majani yanalala upande uliokwisha kukata na njia inabaki wazi mbele yako. Usikate mti mgumu kwa sehemu ya mbele kulia ya kisu. Hapo ndipo mashine inaporuka na kukurudia.

Mikwamba na machipukizi ya mwarobaini si kazi ya kisu cha meno matatu. Funga msumeno wa duara wenye meno mengi, ukate polepole kwa upande wa kushoto, chini kabisa na kwa usawa. Kisiki kilichokatwa mshazari kikabaki na ncha kitampasua mtu mguu, na anayepasuka mara nyingi ni mtoto aliyeleta chakula shambani. Tena usidanganyike kwamba mwarobaini umekufa. Utachipua tena baada ya mvua ya vuli, na dawa yake ni jembe na sururu.

Kitu kingine ni upupu. Kabla hujawasha mashine, zunguka shamba ukitazama juu ya vichaka. Ukiona maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia yanayong'aa juani, mashine isifike hapo. Mimi niliupiga mwaka mmoja mchana wa kiangazi, upepo ukinielekea, na kile kilichonipata sikisimulii mbele za watu. Eneo hilo likate kwa panga asubuhi na mapema likiwa na umande, ukiwa umevaa mikono mirefu na umefunika shingo, na mashine uiache mbali.

Bikoni zitafute zote kwanza, uzifyekee duara kwa panga na kusimika mti wenye kitambaa chekundu. Na mtu yeyote asikukaribie chini ya mita 15 unapofyeka. Kijiwe kimoja kutoka kwenye mashine yangu kilivunja kioo cha gari lililoegeshwa barabarani, ambapo mimi niliona ni mbali, na nikalilipa.

Mkulima wa Kimbiji

Nawashukuru sana, Fundi na Mama. Nimefungua egzosi jana jioni barazani kwangu, na naona haya kueleza. Wavu ulikuwa umezibwa na kitu cheusi kama lami iliyokauka, na tundu la moshi lilikuwa limebaki kama robo. Pistoni niliyoiona kwa tochi inang'aa, haina michubuko hata mmoja. Kifuniko cha tanki nilishakijaribu kabla ya hapo, hakikuleta tofauti.

Kuhusu chupa ya oili: imeandikwa 2T kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo imeandikwa TC-W3, pamoja na picha ya boti.

Fundi wa Gerezani

Hapo ndipo penyewe. Hiyo ni oili ya mashine za boti, na kwa wavuvi wa Feri ni oili nzuri kabisa, kwa kuwa injini zao zinapozwa kwa maji ya bahari na hazifikii joto la injini yako inayopozwa kwa hewa tu. Ukiitia kwenye mashine ya kufyekea, haina viungo vya kutosha vya kusafisha masizi katika joto kubwa, kwa hiyo inaacha uchafu kwenye egzosi na kwenye ringi za pistoni, na wewe ulikuwa ukiizidisha juu yake. Tafuta oili iliyoandikwa JASO FC au FD; JASO ni kipimo cha Kijapani cha ubora wa oili. FD ndiyo daraja la juu zaidi. Duka linalouza misumeno ya mnyororo huwa nayo. Na usikubali oili ya bodaboda, ile ya 4T, hata ukiambiwa ni ya bei ghali zaidi, maana haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli.

Changanya kiasi cha kazi ya wiki moja au mbili. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi kwenye joto la hapa mwaga, usiutie tena kwenye mashine. Na hiyo chupa ya maji, ndugu yangu, achana nayo; petroli iliyochanganywa ina rangi ya kuvutia na nyumba zetu zina watoto wenye kiu. Nunua galoni la mafuta.

Kuhusu kununua nyingine, sioni sababu kwa sasa. Watu wanahesabu cc kana kwamba ni kilo za nyama. Stihl FS 250 ina injini ya cc 40.2 tu na inatoa kilowati 1.6, na inafanya kazi ya pori siku nzima. Unacholipia ni kwamba inatunza nguvu yake ikipata moto, mtetemo wake ni mdogo, na spea zake hazikosekani. Ukifika mahali pa kufyeka kila siku kwa ajili ya watu wengine, hapo nenda kwenye hizo. Kwa ekari tatu zako, hiyo ya Kariakoo itatosha ukiilisha vizuri. Ukibadilisha kampuni, angalia tu tundu la kisu: nyingi za Kichina ni milimita 25.4, ilhali Stihl nyingi za ukubwa huo ni milimita 20, na kisu kisichokaa sawasawa katikati hakifungwi kwa kukisia.

Kijana wa Goba

Naongeza kidogo tu. Kama kinachokusumbua ni kuchanganya oili, kuna mashine za mipigo minne, kama zile zenye injini ya Honda GX35 ya cc 35.8, ambazo petroli na oili hukaa mahali tofauti. Mimi ninayo. Ni tulivu na hainywi sana, lakini kwenye matete mazito huchoka mapema kuliko ya rafiki yangu ya 2T, na ukisahau kuangalia oili yake, mililita 100 tu, umeiua vilevile.

Mkulima wa Kimbiji

Nimepata oili ya FD, nimepima kwa bomba la sindano, na leo asubuhi mashine imefyeka saa moja na nusu bila kukohoa. Imebaki kazi moja ambayo imenishinda: nimenunua msumeno wa duara kama Mama alivyosema, lakini nati inayoshika kisu haifunguki. Nimeivuta mpaka spana imeteleza na kunichubua vidole.

Fundi wa Gerezani

Unaikaza. Nati hiyo ina uzi wa kushoto, inafunguliwa kwa kuizungusha upande ambao nati nyingine zote hukazwa. Toa kwanza kofia ya plagi ili injini isije ikawaka, ingiza kipini cha chuma kwenye tundu la giaboksi ili shafti isizunguke, kisha geuza spana. Na ukiwa hapo hapo, fungua skrubu iliyo ubavuni mwa giaboksi utazame kama ndani kuna grisi. Ikiwa pakavu, iongeze, bila kuijaza mpaka juu, na uirudie kila baada ya saa 25 hivi za kazi.

Mkulima wa Kimbiji

Imefunguka kwa mkono mmoja. Ndani ya giaboksi palikuwa pakavu kama unga.