Ripoti ya historia kutoka Japani ina faida kwa gari ambayo tayari ina namba ya Tanzania?

Mdau_Njiro
Wakuu, kuna Premio ya 2008 inauzwa hapa Arusha, namba D (herufi ya awamu ya usajili). Dashibodi inasoma km 88,000. Dalali ana karatasi ya mnada ya Japani: gredi 4, km 81,000. Nimeona tovuti zinauza ripoti ya historia ukiwapa namba ya chesisi. Nilipie au ni hela ya bure?

Spana17
Mkuu, karatasi yenyewe imeshakujibu. Kutoka 81,000 hadi 88,000 ni km 7,000. Arusha–Moshi kwenda na kurudi ni kama km 160, yaani gari hiyo ingekuwa imefanya safari 44 tu tangu ishuke bandarini, na namba sasa ziko E. Labda ilikuwa imepaki miaka. Kama haikupaki, kilomita zimerudishwa, na ripoti ya Japani haiwezi kukuambia lolote kuhusu hilo kwa sababu inaishia siku gari ilipopanda meli.

Ukitaka kulipia, usilipie Carfax na wenzake. Wao wanatumia namba ya tarakimu na herufi 17, na kumbukumbu zao ni hasa za Marekani na Kanada. Premio ya Japani ina chesisi fupi, mfano inayoanza na NZT260 au ZRT260. Tafuta anayetoa nakala ya karatasi ya mnada kwa chesisi hiyo, kisha ilinganishe na ya dalali, maana hizo karatasi zinachezewa sana kwenye kompyuta. Omba pia cheti cha ekspoti. Kule ukaguzi wa lazima ni mwaka wa 3, halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa.

Gredi isikupumbaze, soma mchoro wa gari kwenye hiyo karatasi ya mnada. A ni mkwaruzo, U kubonyea, W sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX kipande kilichobadilishwa. Gredi R au RA maana yake mifupa ya gari imewahi kutengenezwa. Fenda, boneti na mlango vikibadilishwa, Wajapani bado wanaiita gari isiyo na ajali.

Bodi_na_Rangi
Naongezea ya huku kwetu, maana ajali ya Kikatiti au Boma Ng'ombe hakuna tovuti inayoijua.

Fungua boneti, angalia bolti za bawaba na za fenda. Rangi ikiwa imevunjika kwenye kichwa cha bolti, spana imepita hapo. Shuka kwenye bodi inayoshika rejeta: welding ya kiwandani ni vidoti vya duara vinavyolingana, ya gereji ina mabonge. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, pitisha kwenye milango na juu ya matairi ya nyuma. Isiposhika, chini kuna puti.

Vuta mikanda ya siti mpaka mwisho. Ina lebo ya tarehe. Mkanda ukiwa mpya kuliko gari, uliza eabegi zimefumuka lini. Mwisho wa mkanda ukiwa na mstari wa tope, gari imekula maji. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya eabegi lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa.

Kadi_Kwanza
Mnahangaika na rangi, kadi je? Mwambie muuzaji alete kadi ya asili, siyo picha ya WhatsApp. Linganisha chesisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi yenyewe (mara nyingi ukuta wa nyuma ya injini, nyingine chini ya kapeti la siti ya mbele). Ukiona imesagwa au tarakimu hazikai mstari mmoja, ondoka. Nenda TRA na muuzaji mwenyewe, jina likiwa lake. Wathibitishe umiliki na kama gari haina zuio la mkopo. Faini za trafiki angalia TMS (mfumo wa mtandaoni wa polisi), bima TIRA MIS (mfumo wa mamlaka ya bima). Zote unaingiza namba ya gari tu. Huku kwetu kaskazini ogopa zaidi gari iliyoingia kwa kibali cha muda kupitia mpaka wa Kenya, Namanga au Holili. Ushuru haujalipwa, na atakayenyang'anywa ni wewe.

Mdau_Njiro
Asanteni wakuu. Kilomita halisi kuna mashine ya kuzijua?

Spana17
Kuna za kusoma kompyuta ya injini, ila kwa gari ya umri huo mara nyingi hukuti kilomita zilizohifadhiwa kwingine. Mashine itakuonyesha kama kodi za hitilafu zimefutwa juzijuzi: majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe yanakuwa hayajakamilika. Mimi ningeamini zaidi raba ya pedali ya breki, usukani na ukingo wa siti ya dereva. Vikiwa vimelika wakati dashibodi inasema 88,000, jua.

Nenda asubuhi, mwambie asiiwashe kabla hujafika, na uguse injini kwanza kuhakikisha ni ya baridi. Injini ya 1NZ (ya Premio ya NZT260) yenye cheni iliyolegea inagonga sekunde chache ikiwaka baridi. Kisha ipandishe kilima. Gia boksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) iliyochoka inapandisha mlio wa injini huku mwendo hauongezeki. Hela ya ripoti mpe fundi asiyefahamiana na dalali.