Naomba ushauri: kamera ya nyuzi 360 kwa picha za mitaani

Wakuu, nina kamera ndogo ya nyuzi 360, ile ya lenzi mbili. Nataka nipige picha za mitaa nizipandishe Mapillary na Google Street View, zile huduma za mtandaoni zinazoonyesha picha za mitaa kwenye ramani. Picha zinatoka safi, shida ni GPS. Kamera haina yake, inategemea simu, na penye maghorofa alama zinaruka hadi ramani inaonyesha nimepita juu ya mapaa! Nirekodi njia kwa programu nyingine kisha niunganishe faili la GPX (lenye rekodi ya njia niliyopita) na picha kwa kulinganisha saa, au ninunue kipokezi cha GPS cha pembeni?

Na mliowahi kuifunga kwenye helmeti ya baiskeli, mnarekodi video au picha moja moja? Video yangu inafifia nikikaza mwendo. Nyuso na namba za magari hazinisumbui, huko huzifunika wenyewe.